Mama Hakusafiri



Mwezi huu wa Novemba Kanisa huwakumbuka waliolala katika Bwana. Majina yao yatasomwa mbele ya altare, na wengi wetu tutasikia jina ambalo nyumbani halitajwi tena. Kwa hiyo tumeona yafaa kusema nanyi juu ya nyumba iliyofiwa na mama. Nasi tutatumia mfano ambao labda hamkuutazamia katika gazeti hili, yaani mchezo wa televisheni.

Twajua wako kati yetu wasemao kwamba televisheni ni mlango wa shetani, na wako wanaochelewa Sala ya Jioni kwa sababu yake. Leo hatukuja kuisifu wala kuilaani. Bwana wetu alitwaa mifano yake shambani, jikoni na sokoni. Nasi tutwae mmoja sebuleni.

Mchezo huo ulitengenezwa Marekani, ukaitwa Eight Is Enough, maana yake Wanane Wanatosha. Ulianza kuonyeshwa na kituo cha ABC tarehe 15 Machi 1977, ukaendelea hadi mwaka 1981. Ni habari za jamaa ya Bradford katika mji wa Sacramento, California. Baba ni Tom, mwandishi wa gazeti; mama ni Joan; na watoto ni wanane, wasichana watano na wavulana watatu, tangu David, kijana mkubwa, hadi Nicholas, kitinda mimba. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini pia wa kuliza. Aliyelelewa katika nyumba yenye watoto wengi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mama Joan alichezwa na Diana Hyland. Huyu alikuwa na ugonjwa wa saratani ya matiti, akafariki tarehe 27 Machi 1977, siku 12 tu baada ya mchezo kuanza kuonyeshwa. Umri wake ulikuwa miaka 41. Msimu ule wa kwanza ulikuwa na vipindi tisa, naye alikuwa amecheza katika vinne. Katika vitano vilivyobaki ilifanywa kana kwamba Joan yuko mbali na nyumbani. Watoto waliendelea kula, kugombana na kucheka, na hakuna aliyevaa nguo za msiba.

Sasa wenye mchezo wangefanya nini? Wangeweza kumtafuta mwanamke mwingine, wakamwita Joan, na watazamaji wangezoea. Kufanya hivyo si jambo geni. Hata katika mchezo huohuo, kipindi cha majaribio kilimwonyesha David akichezwa na Mark Hamill, kisha nafasi hiyo akapewa Grant Goodeve, na jamaa ikaendelea kumwita David. Lakini kwa mama hawakufanya hivyo. Msimu wa pili ulipoanza mwaka uleule wa 1977, ilielezwa waziwazi kwamba Joan amefariki, na ya kuwa Tom ni mgane mwenye watoto wanane. Nyumba ile ya mchezo ilikubali kusema ukweli wa kifo.

Ndugu zetu, je, nyumba zetu husema?

Sisi tunaowahudumia tunapaswa kuungama kwanza. Tumeingia katika nyumba nyingi za msiba, tukasali, tukafariji watu wazima. Na mara nyingi tumesikia mtoto mdogo akiambiwa, ‘Mama amesafiri, atarudi.’ Tukanyamaza. Tulidhani kunyamaza ni huruma. Tunamkumbuka mtoto mmoja aliyekuwa akikimbia barabarani kila basi liliposimama, kumtazama anayeshuka. Alifanya hivyo muda mrefu baada ya matanga kuanuliwa. Siku alipoambiwa ukweli na watoto wenzake, tena kwa mzaha, hakulia. Aliuliza tu kwa nini watu wazima wote walimdanganya. Wala sisi hatukuwa na jibu, kwa sababu sisi tulikuwa miongoni mwao.

Tusome Injili ya Yohana, sura ya 11. Lazaro alipokufa, kwanza Bwana aliwaambia wanafunzi kwamba rafiki yao amelala. Nao hawakuelewa, walidhani ni usingizi wa kawaida, wakasema kwamba mgonjwa atapata nafuu. Ndipo Bwana akaliacha fumbo, akawaeleza kwa neno lisilofichika kwamba Lazaro amefariki. Tazameni taratibu yake. Kwanza alisema kweli. Kisha alilia, akafika kaburini. Ndipo alipomwita aliyekufa, naye akatoka. Kweli, machozi, tumaini. Sisi hupenda kulikimbilia tumaini na kuyaruka mawili ya kwanza. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba mama amesafiri tutamhubirije ufufuo? Atafufukaje mtu ambaye hakufa?

Hata Mtume Paulo, alipowaandikia Wathesalonike juu ya waliolala, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza huzuni isiyo na tumaini. Basi tumwambie mtoto kwa maneno mepesi: mama amekufa, hatarudi hapa nyumbani, Mungu anamjua aliko, nasi tutalia pamoja nawe. Maneno hayo ni machungu kinywani, lakini mtoto aweza kuyakanyaga kama mtu akanyagaye mwamba. Uongo ni matope, hata ukitiwa sukari.

Sasa turudi Sacramento, kwa maana msimu ule wa pili una jambo la pili la kutufundisha. Tommy, mmoja wa wavulana, alivunjika mguu mchezoni, akaletewa mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Mwalimu huyo aliitwa Sandra Sue Abbott, nao walimwita Abby. Aliyemcheza ni Betty Buckley. Tom akampenda, wakaoana katika kipindi kilichoonyeshwa tarehe 9 Novemba 1977. Hivyo katika msimu mmoja nyumba ile ilipata kaburi na harusi.

Sisi twajua jambo hili lina miba. Mitaani husemwa kwamba mama wa kambo si mama. Akimwadhibu mtoto, jirani husema, ‘Angekuwa wake asingemfanya hivyo.’ Akimwacha, husema, ‘Si wake, hamjali.’ Anapika ugali, mtu anakumbuka ugali wa marehemu. Tumewaona wanawake wa namna hiyo wakikaa kiti cha nyuma kanisani, kana kwamba wameiba kitu. Wala tusiwafiche wale wa kambo ambao kweli ni wakatili. Wapo, na watoto wanaoteswa sharti tuwasikie na kuwalinda. Lakini ni wangapi tumewahukumu kabla hawajafungua mizigo yao?

Katika mchezo ule watoto walimwita mama yule mpya kwa jina lake, Abby. Kwetu sisi kumwita mkubwa kwa jina tupu ni kukosa adabu, wala hatusemi tuige. Bali tutazame maana yake. Abby hakuingia kuwa Joan. Aliingia kuwa Abby. Kiti cha marehemu hakikukaliwa. Kililetwa kiti kingine.

Na hili tunaliona chini ya msalaba, katika Yohana 19. Bwana wetu, akiwa katika uchungu wake, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda, na mwanafunzi kwa mama. Mapokeo ya Kanisa yasema mwanafunzi huyo ndiye Yohana mwana wa Zebedayo. Naye Mathayo anamtaja mama wa wana wa Zebedayo kati ya wanawake walioangalia kwa mbali siku ileile. Basi Yohana alikuwa na mama aliyemzaa, na bado akapewa mama mwingine wa kumpeleka kwake. Hakuambiwa amsahau wa kwanza. Moyo wa mtu si kama kitanda cha kamba, useme wakilala wawili kitakatika.

Wazee wetu walisema, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Aliyekubali kazi hiyo kwa mwana ambaye hakumbeba mimba anastahili heshima yetu.

Kwa hiyo twawasihi. Ninyi wagane, msioe kwa haraka ili kuficha kilio, wala msiitoe picha ya marehemu ukutani ili kumpendeza mke mpya. Ninyi mlioingia katika nyumba za namna hii, msiogope jina la aliyetangulia. Likitajwa na watoto, kaeni msikilize. Ninyi mashangazi na mabibi, msiwapandikize watoto chuki. Nanyi Umoja wa Mama, mwendeeni mama huyo nyumbani kwake, mkamlete akae katikati yenu.

Na Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, waleteni watoto. Liandikeni jina la mama yao katika orodha, nao walisikie likisomwa.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa yatima, utupe ujasiri wa kusema kweli kwa walio wadogo. Uyapokee machozi yao na yetu. Wabariki wanaowalea watoto ambao hawakuwazaa, na uwape watoto moyo wenye nafasi. Utukutanishe sote, tuliotangulia na tuliobaki, mezani pako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.