Ridhaa ya Aliyefungwa Ulimi

Katika maombi ya utafiti wa tiba kuna sharti moja ambalo hupita mezani bila mtu kuliuliza: mshiriki awe na uwezo wa kuzungumza na kujieleza. Mimi ni mwalimu wa dini hapa Mombasa, na nimo katika kamati ya maadili ya utafiti kwa niaba ya watu wasio madaktari. Utafiti ukiwa wa malaria, sharti hilo haliwagusi wengi. Ukiwa wa kiharusi, linafunga mlango kwa umati. Takriban mtu mmoja katika kila watatu wanaopatwa na kiharusi hupata afazia: sehemu ya ubongo inayobeba lugha, mara nyingi upande wa kushoto, huumia, na maneno hukataa kuja au huja yasiyotakiwa. Basi dawa na mazoezi hupimwa kwa wanaosema, kisha huandikiwa wote.

Wifi yangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi Mji wa Kale. Tangu apatwe na kiharusi, karibu neno pekee analolitamka ni "haya". Lakini mpe chenji iliyopungua shilingi kumi uone kama hatakurudishia mkononi. Siku moja walikuja watu wa utafiti kuuliza waliopona kiharusi wanaishije nyumbani. Wakamgeukia mwanawe, mama mwenyewe akiwa ameketi hapo hapo: "Mama anaelewa?" Kijana akasema kidogo kidogo. Ikawa maswali yote anaulizwa yeye. Akajibu kwamba mama analala vizuri. Nasi tunaolala nyumba hiyo tunajua kwamba halali. Usiku huketi kitandani akijikanda mkono uliopooza. Jibu la uongo liliandikwa kwa nia njema kabisa.

Swali linalonikera ni hili: je, hiari ya mwanadamu inakaa ulimini? Mtu asipoweza kutamka "nakubali", kukubali kwenyewe kumeondoka?

Dini yangu ililijibu swali hili zamani. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik habari ya msichana wa Madina aliyepondwa kichwa kwa mawe. Aliletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) akiwa katika pumzi za mwisho, hawezi kusema. Akaulizwa: ni fulani? Akaashiria kwa kichwa kwamba siye. Fulani mwingine? Siye. Likatajwa jina jingine, akaashiria kwamba ndiye. Mtu huyo akaletwa, akahojiwa mpaka akakiri.

Tazama jinsi alivyoulizwa. Hakuna aliyesema mtoto huyu hasemi, tumuulize mzazi wake. Swali lilikatwa vipande vidogo ambavyo kichwa kingeweza kuvijibu. Na ile "ndiyo" yake ilipata uzito kwa kuwa ilitanguliwa na "siyo". Hata hivyo ishara peke yake haikutosha kumhukumu mtu, ilifungua uchunguzi. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wanaikubali ishara ya bubu inayoeleweka katika kuuza, kuoa na hata kutaliki, ila katika mambo machache kama ushahidi. Ikiwa mtu anaweza kuoa kwa ishara, sioni kwa nini asiweze kukubali kupimwa shinikizo la damu.

Wataalamu wa tiba ya usemi nao wamefika hapo hapo. Kule Toronto, Aura Kagan na wenzake waliwafundisha watu wa kujitolea namna ya kuzungumza na wenye afazia: sentensi fupi, neno kuu limeandikwa kwa herufi kubwa, picha, kadi za ndiyo na hapana, na kuhakikisha jibu tena. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2001 yalionyesha kwamba wagonjwa, ambao wao hawakufundishwa chochote, waliweza kuwasilisha mengi zaidi. Aliyebadilika ni msikilizaji.

Najua hofu ya wenzangu, nami naiheshimu. Kanuni ya Nuremberg ya 1947 na Azimio la Helsinki la 1964 ziliandikwa kwa sababu watu walitumiwa bila ridhaa yao. Paul Broca alipouwasilisha ubongo wa Louis Victor Leborgne huko Paris mwaka 1861, elimu ya lugha katika ubongo ilipiga hatua kubwa kupitia mtu aliyekuwa akitamka karibu neno moja tu, "tan". Ubongo wake ukahifadhiwa makumbusho. Leborgne aliingizwa bila kuulizwa. Wifi yangu ameachwa nje bila kuulizwa. Kosa ni moja.

Wapo ambao kiharusi kimewaharibia hata uelewa, wanaoitikia kila kitu. Hao wasichukuliwe kwa kutikisa kichwa tu. Aitwe mwenye kuwasimamia, na wakionyesha kukataa, waachwe. Lakini uelewa huo upimwe kwa kila mtu: geuza swali, uliza lenye jibu la wazi la hapana, rudi kesho asubuhi asipokuwa amechoka. Asiyejua kusoma tunamkubali kwa dole gumba na shahidi, wala hatusemi hana akili. Muda na kadi vinagharimu, na gharama hiyo iandikwe katika bajeti ya utafiti kama inavyoandikwa ya maabara.

Kwa upande wangu, ombi la utafiti wa kiharusi likija na sharti la kuzungumza bila kueleza ni kwa nini, silipitishi. Nawaomba walioketi katika kamati nyingine nao waulize.