Watoto Wetu na Meza za Hoteli



Ndugu zetu Waislamu, jambo tutakalolizungumza leo ni dogo machoni pa watu wengi, lakini ndani yake mna mambo makubwa. Nalo ni desturi iliyoenea katika miji yetu ya pwani, ya baba na mama kuwachukua watoto wao wadogo wakaenda kula hotelini. Mtu akipita mjini Mombasa jioni ya Jumamosi, au siku za Idi, au wakati wa kufuturu katika mwezi wa Ramadhani, huona meza zimejaa jamaa wazima wazima: baba, mama, mtoto wa miaka saba, wa miaka minne, na mchanga aliyepakatwa.

Katika jambo hili twasikia kauli mbili. Wenye kauli ya kwanza ni wazee wetu. Wao wasema kwamba muungwana hali njiani wala hali hotelini; hoteli ni ya msafiri na mtu asiye na jiko, na mwenye kumpeleka mkewe na wanawe huko amevunja heshima ya nyumba yake. Wenye kauli ya pili ni vijana. Wao wasema: chakula ni halali, pesa ni za halali, basi pana neno gani tena? Sisi twaona kwamba kila kundi limeshika upande mmoja wa haki na kuuacha wa pili.

Tukianza na wazee, hatukatai kwamba kauli yao ina asili katika vitabu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake Minhaj ambacho husomeshwa katika darasa zetu, amekutaja kula sokoni miongoni mwa mambo yanayoondoa muruwa, yaani ile heshima ambayo mtu akiikosa ushahidi wake haukubaliwi. Lakini wengi hulishika neno hilo wakayaacha yaliyo pamoja nalo. Kwani papo hapo Imamu amebainisha kwamba muruwa ni mtu kufuata tabia za walio mfano wake katika zama zake na mahali pake, na kwamba hukumu ya mambo hayo hutafautiana kwa watu, kwa hali na kwa mahali. Basi ikiwa leo watu wenye heshima zao katika mji huenda na jamaa zao mahali pa kulia palipo safi na pa sitara, hapana haki ya kuwaita wavunja muruwa kwa sababu ya desturi ya miaka iliyopita.

Isitoshe, Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe hakuona haya kutoka na mkewe kwenda kula. Imepokewa kwa Anas bin Malik, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alimpikia, akaja kumwalika. Mtume akamwashiria Bibi Aisha, akauliza: Na huyu je? Jirani akakataa, na Mtume naye akaukataa mwaliko. Jirani akarudi mara ya pili, yakawa yale yale. Mara ya tatu akakubali Bibi Aisha naye aje, ndipo wakaondoka wote wawili, wakaandamana mpaka nyumbani kwake. Yule mke apikaye asubuhi, mchana na usiku, mwaka mpaka mwaka, akipumzishwa jiko usiku mmoja na mumewe, hilo ni jambo la ihsani. Asiyeliweza hakulazimishwa, na aliyeliweza asilaumiwe.

Ama vijana, wao wamelijibu suala la chakula wakalisahau suala la mlaji. Na mlaji tumkusudiaye hapa ni mtoto.

Tutizame jinsi mtoto wa pwani alivyokuwa akifundishwa kula. Alikuwa akifundishwa kwenye sinia. Mkeka ulitandikwa, birika na bakuli vikapitishwa, watu wakanawa, mkubwa akapiga bismillahi, na mtoto akaketi baina ya wazee wake. Nyama ilikuwa katikati, na mtoto aliiona, lakini hakuthubutu kuinyoshea mkono. Alingoja mpaka babake au babu yake amsogezee kinofu upande wake. Akitia mkono wa kushoto, alishikwa mkono. Akifanya tonge kubwa, alitizamwa tu, akalipunguza. Akitaka kuinuka kabla ya wageni, aliambiwa angoje. Hapana aliyemwambia kwamba yuko chuoni, lakini chuoni ndipo alipokuwa, na mwalimu alikuwa ubavuni pake.

Na huo ndio mwendo wa Mtume (S.A.W.). Umar bin Abi Salama, mwana wa Bibi Ummu Salama, alikuwa mtoto mdogo akilelewa na Mtume. Alipokuwa akila, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Mtume hakumfukuza sahanini wala hakumkemea mbele za watu. Alimwita kwa upole, akamfunza mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba tangu siku ile huo ndio uliokuwa ulaji wake. Tutizame, ndugu zetu: maneno machache, yaliyosemwa mara moja na mtu aliyeketi sahani moja na mtoto, yakakaa umri mzima. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), alipoeleza katika Ihya namna ya kumlea mtoto, alianza na chakula, kwani uroho ndio tabia ya kwanza kumshinda mtoto. Akataka afunzwe asikikimbilie chakula kabla ya wenziwe, asikikodolee macho wala asiwakodolee walaji, atafune vizuri, wala asichafue nguo zake.

Sasa tutizame hotelini. Hapo kila mmoja ana sahani yake, basi kungoja kinofu hakupo, na kula kilicho mbele yako hakuna maana, kwani hapana cha mwenzio kilicho karibu. Mkubwa hapigi bismillahi ikasikika, kwa kuwa chakula cha huyu kimekuja na cha yule bado. Mtoto amepewa simu tangu alipoketi. Chakula chaja, macho yako kwenye simu. Mama amtia tonge kinywani, naye ameza asijue alichokula. Ndugu yake mkubwa akimbia baina ya meza, mara mlangoni, mara mlango wa jikoni ambako watu watoka na birika za chai ya moto. Baba naye ana simu yake. Meza moja ina watu watano, na hapana hata wawili waliokula pamoja.

Hatusemi kwamba hatia ni ya hoteli. Hoteli huuza chakula. Adabu haiuzi, wala haikuahidi kuiuza. Wala hatusemi kwamba hatia ni ya mtoto, kwani mtoto ni mtoto. Twasema kwamba sinia lilikuwa likitusaidia kazi ambayo sasa yatupasa tuifanye wenyewe kwa kukusudia. Na hapa tutataja mambo yampasayo mzazi.

Jambo la kwanza ni kwamba mtoto hafunzwi adabu hotelini, huonyesha hotelini aliyofunzwa nyumbani. Asiyeketi kitako nyumbani kwao hataketi kwa watu. Basi mwenye kutaka kutoka na wanawe Jumamosi, na aketi nao sahani moja Jumapili mpaka Ijumaa, walau mara moja kwa siku. Na siku ya kutoka, aende nao mapema, kabla hawajashikwa na njaa wala usingizi; mtoto mwenye njaa aliyeambiwa angoje nusu saa atalia, na kilio hicho kimeletwa na mzazi. Wala kutoka huko kusiwe sababu ya sala ya Magharibi kupita. Twaona katika Ramadhani watu wanaofuturu hotelini wakiingia katika kujipakulia sahani baada ya sahani mpaka wakati umetoka, na mtoto aliyefunga siku yake ya kwanza yupo, aona, na ajifunza kwamba saumu ni njaa ya mchana na shibe ya usiku.

Jambo la pili ni wakati wa kungoja. Simu hunyamazisha mtoto, lakini kunyamazisha si kulea. Dakika zile za kungoja ndizo zilizobaki za kuzungumza naye: aulizwe alichosoma chuoni, asimuliwe kisa cha babu yake, achaguzwe chakula baina ya viwili ajifunze kuamua. Mtoto aliyefunzwa kungoja chakula amefunzwa subira, na atakuja kuihitajia subira hiyo mahali pasipokuwa na simu ya kumliwaza.

Jambo la tatu, nalo twaliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote, ni yule mhudumu. Nyumbani mtoto hulishwa na mamake. Hotelini, huenda ikawa ni mara yake ya kwanza kumwona mtu mzima asiye jamaa yake akisimama mbele yake kumtumikia. Hapo mtoto humtizama babake: atasema naye vipi mtu huyu? Akimsikia babake amwita kwa kupiga vidole, amwagiza asimtizame usoni, amtukana kwa sababu chai imechelewa, basi mtoto amesomeshwa somo ambalo hapana khutuba itakayolifuta. Amejua kwamba mwenye pesa aweza kumdhalilisha asiye nazo. Na yule mhudumu ni mtoto wa mtu. Pengine ana wake wadogo aliowaacha nyumbani, na hatawaona mpaka wamelala.

Imepokewa kwa Abu Huraira kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha kwamba mtumishi akikuletea chakula, nawe usipomketisha ukala naye, basi walau umpe tonge moja au mawili, kwani yeye ndiye aliyeustahamilia moto wake. Leo hatuwezi kumketisha mhudumu mezani, lakini twaweza kumwambia mtoto: Mwamkie mjomba, mshukuru. Twaweza kumfanya mtoto aokote wali alioumwaga chini ya meza, asimwachie mtu mwingine ainame kwa ajili yake. Na mtoto akivunja gilasi, baba aombe radhi na ajitolee kulipa, mtoto akisikia.

Jambo la nne ni israfu. Nyumbani kinachobaki huliwa usiku au hupewa jirani. Hotelini mtoto wa miaka minne aagiziwa sahani ya mtu mzima, ala matonge matatu, na iliyobaki huondolewa ikatupwa. Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa na akatukataza israfu, na Mtume (S.A.W.) amefunza kwamba tonge likianguka liokotwe, lipanguswe, liliwe, wala sahani isiachwe na mabaki. Basi watoto wawili na washirikiane sahani moja. Hapo mtajipatia tena sinia lenu hata hotelini. Kikibaki, kifungwe, wala pasiwe na haya. Haya ni kukitupa na nje ya mlango ameketi mwenye njaa.

Tena mzazi achague mahali. Tumekatazwa kuketi kwenye meza inayonywewa pombe, na pasipofaa kuketi baba ni zaidi hapamfai mtoto.

Limebaki neno kwa walio meza za pili. Wako watu ambao mtoto akilia mara moja humkodolea mama macho mpaka akainuka na chakula hajakimaliza. Ndugu zetu, Mtume (S.A.W.) alipokuwa akisalisha na akasikia mtoto analia, aliifupisha sala kwa kumhurumia mamake. Na Bibi Ummu Qais alipomletea mwanawe mchanga, mtoto akamkojolea nguoni, hakukasirika. Aliagiza maji akayanyunyizia pale. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya mtoto, biriani zetu si tukufu kuliko sala. Mzazi apasiwa kumlea mwanawe, na jirani wa meza apasiwa kustahamili.

Tukikusanya maneno, kula hotelini na watoto si haramu wala si aibu. Aibu ni mtoto kuketishwa mezani na wazazi wawili, akawa hana mlezi hata mmoja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Watoto hawa watakuja kuwa ndio wenye kulipa, nao watawaita wahudumu kama walivyotusikia sisi tukiwaita, na watatupakulia sisi, tukiwa wazee wa mikono mitetemevu, kwa adabu ile ile tuliyowafunza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu, awafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu, na atuwezeshe kuwalea malezi yamridhishayo. Amin.