Waacheni Waage Kwanza

Wanangu mnaoendesha vituo vya redio, nawaandikia kutoka Lukenya, upande huu wa Machakos ambako redio hailali. Madereva wa malori ya Mombasa hupita nayo usiku kucha. Vijana wa machimbo ya mawe huitundika kwenye tawi la mgunga kabla ya kushika nyundo. Mama anayeuza chai kando ya barabara huifungua hata jiko halijawaka. Nimezeeka na nimechoka, na mengi ya haya nilikwisha kuyasema mbele ya wenye vyeo nilipokuwa kazini. Walinisikiliza kwa heshima, wakaenda zao. Nayarudia kwa sababu habari ile ile haikomi kunifikia: kituo fulani kimepunguza watu tena, na waliopunguzwa ndio waliokuwa wamekibeba.

Mimi nilikuwa mtu wa chumba cha mitambo, kwa hiyo niwieni radhi nikianzia mbali kidogo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 Mkenya alikuwa na redio ya serikali tu, ile iliyojulikana kama Sauti ya Kenya mpaka mwaka 1989 ilipogeuzwa kuwa KBC. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia hewani. Mwaka 2000 zikafuata Kiss 100 na Kameme. S.K. Macharia wa Royal Media akaona mbali: akaijenga Radio Citizen kwa Kiswahili, kisha akavifungua vituo vya lugha za nyumbani kimoja baada ya kingine, na huku kwetu ikaja Musyi FM. Bibi kizee wa Mwala aliyezoea kungojea saa chache za Kikamba kwenye redio ya serikali akapata Kikamba kuanzia alfajiri hadi usiku.

Pesa ikaingia, tena nyingi. Kosa la kwanza lilizaliwa hapo hapo, kwa sababu waliozihesabu pesa hizo walidhani zimeletwa na masafa. Masafa ni kibali na mnara. Msikilizaji humfungulia mtu. Waulizeni wazazi wenu habari za kadi za salamu. Mtu alinunua kadi kwa pesa yake, akaijaza majina ya ndugu na marafiki kwa kalamu ya wino, akaitia posta, kisha akangoja majuma mawili ili asikie jina lake likisomwa. Watu ambao hawakuwahi kuonana wakaunda vyama vya salamu, wakazikana, wakachangiana harusi. Kilichowaunganisha ni sauti moja waliyoiamini, na mwenye sauti hiyo alikuwa mwajiriwa wa kawaida aliyepanda basi kwenda kazini kama wao.

Sasa tazameni tulivyoitunza amana hiyo. Tarehe 30 Juni 2016 Nation Media Group ilitangaza kwamba inazifunga Nation FM na QFM hapa nchini, pamoja na KFM ya Kigali, na kwamba nguvu zake inazielekeza kwenye mambo ya kidijitali. Mjini Kampala kampuni hiyo hiyo ilibaki na redio zake, KFM na Dembe. Baadaye jina la Nation FM likarudishwa hewani. Nalisema hili bila uadui, maana kila mwenye mali ana haki ya kubadili nia. Lakini kama redio ilistahili kurudi, basi uamuzi wa kuifunga ulikuwa wa pupa, na walioulipia ni watangazaji, wahariri na mafundi waliorudi nyumbani na masanduku yao. QFM ilikuwa ya Kiswahili, na wasikilizaji wake hawakuulizwa neno.

Niwaonye pia juu ya pesa za kamari, maana jambo hili limeniumiza kuliko mengine. Kulikuwa na wakati ambapo hungeweza kusikia taarifa ya habari, wala mahubiri, wala wimbo wa Injili, bila kukatizwa na mtangazaji anayekuhimiza uweke mkeka. Hapa karibu nasi pana viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya kuuza nje la Athi River. Nimewaona vijana wakipokea mshahara Ijumaa na kushinda Jumapili wakikopa nauli. Wakurugenzi waliita hayo ukuaji wa mapato. Septemba 2019, baada ya mvutano na serikali kuhusu leseni na kodi, kampuni za kamari za SportPesa na Betin zikasimamisha biashara yao Kenya, na fungu kubwa la matangazo likakatika. Yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha bajeti alijua siku hiyo ingefika. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ikayasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na somo lile lile likarudi kusomwa upya. Kila mara mkondo huo unapokauka, anayeulizwa ni ripota wa kaunti anayelipwa kwa kila habari. Aliyeamua kukiegemeza kituo kizima kwenye pesa hizo habanduki kwenye kiti chake.

Serikali nayo ni mteja wa kuogopwa. Tangu matangazo yake yalipokusanywa chini ya shirika moja mwaka 2015, madeni kwa vyombo vya habari yamekua hadi mabilioni ya shilingi, na Machi 2024 Katibu wa Wizara Edward Kisiang'ani akaagiza matangazo ya serikali yapelekwe KBC. Mwenye akili angekuwa amekwisha kupunguza utegemezi huo zamani.

Kisha kuna jambo la watu mashuhuri. Mliambiwa kwamba vijana wanataka kelele asubuhi, mkawaendea wachekeshaji na watu wa mitandaoni, mkawalipa kwa mwezi fedha ambazo chumba kizima cha habari hakikuwa kinazipata, na mkawaachia maikrofoni bila mhariri. Machi 2021 watangazaji 3 wa Homeboyz Radio waliongea vibaya juu ya msichana aliyesukumwa kutoka ghorofani. Wadhamini wakajitoa, Mamlaka ya Mawasiliano ikakitoza kituo faini ya shilingi milioni 1 na kukisimamisha kipindi, na watatu hao wakafutwa. Walikosea, wala siwatetei. Ninachouliza ni huu mtindo wenyewe, wa kila kituo kushindana kwa maneno ya chumbani saa mbili asubuhi wakati watoto wamo kwenye matatu, ulipitishwa katika kikao gani. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Msikilizaji aliyekaa nanyi miaka 20 ndiye mbacha wenu, naye hafuati mtindo, hufuata anayemheshimu.

Mwaka 2020 ukaja na ugonjwa wake, na hapo siwezi kuwalaumu kwa kila kitu. Biashara zilifungwa, matangazo yakakauka. Radio Africa ikapunguza mishahara. Mediamax, wenye Kameme na Milele, wakavutana na wafanyakazi mahakamani juu ya mishahara iliyokatwa, na Juni wakawaachisha makumi ya watu. Standard, wenye Radio Maisha, wakatangaza kwamba nafasi 170 zinaondoka. Mwaka 2024, ugonjwa ukiwa umekwisha pita, wakatangaza nyingine takriban 300. Zamu ya pili hii haikuwa na kirusi cha kusingizia.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwenye namna ya kuwaachisha watu, kwa sababu ndipo roho ya mtu inapoonekana.

Namkumbuka dada mmoja niliyefanya naye kazi katika kituo ambacho sitakitaja. Kipindi chake kilikuwa cha saa nne hadi saa saba mchana. Alikuwa na ndara za plastiki alizoziacha chini ya meza ya kutangazia, kwani viatu vya kazini vilimbana, na hakuweza kusema vizuri miguu ikimuuma. Siku hiyo alimaliza, akamkabidhi mwenzake, akavaa viatu, akateremka kununua chakula. Aliporudi kadi yake haikuufungua mlango. Bawabu, mtu waliyesalimiana kila siku, akamwambia bila kumtazama usoni kwamba ameagizwa asimruhusu kupanda. Barua ilikuwa kwenye simu yake, imeletwa akiwa hewani. Aliomba aletewe ndara zake. Hazikuletwa. Kesho yake saa nne tulipiga muziki mtupu, na simu za studio zikaanza kulia. Wasikilizaji walitaka kujua kama ni mgonjwa. Tulikuwa tumeagizwa tujibu kwamba hatujui. Walipiga kwa majuma, kisha wakaacha kupiga, kisha wakaacha kusikiliza. Mwisho wa mwaka idara ya mauzo ikaleta ripoti yenye michoro ya rangi kueleza kwa nini saa za mchana zimepoteza wasikilizaji. Ndara hazikuwemo katika ripoti hiyo.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, na kwa miongo mingi aliliuliza taifa zima swali hilo juu ya mambo madogo: namna ya kula mbele za watu, namna ya kupanga foleni, namna ya kumjibu mgeni. Redio ya Kenya ililelewa na swali hilo. Nawauliza ninyi warithi wake mlijibu vipi siku ya ile kadi iliyokataa kufungua mlango.

Hata sheria imetangulia kuwaelekeza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi au kwa mfanyakazi mwenyewe, na kwa afisa wa kazi. Achague wa kuondoka kwa kuangalia muda wao kazini, ujuzi wao na uaminifu wao. Na awalipe fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Hicho ndicho kiwango cha chini. Aliyeshindwa hata na hicho asiseme kwamba soko ni gumu.

Na msidhani wakubwa wa dunia wameipata dawa. Kule Marekani sheria ya mwaka 1996 iliondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingemiliki nchini kote, na Clear Channel ikavinunua zaidi ya 1,200. Januari 2002 treni yenye amonia ilipinduka usiku karibu na mji wa Minot, North Dakota, ambako kampuni hiyo ilimiliki vituo 6. Polisi walitafuta mtu studioni wa kuwaonya wakazi, wakapata taabu kumpata. Kampuni nayo ilisema polisi hawakuutumia mtambo wa tahadhari ipasavyo. Ubishi huo waachieni wao. Mwaka 2008 kampuni ilinunuliwa kwa mikopo mizito, ikabadili jina kuwa iHeartMedia, na mwaka 2018 ikaomba ulinzi wa mahakama ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Januari 2020 mamia ya watangazaji wa miji midogo wakaachishwa, na kazi zao zikahamishiwa kwenye vituo vya pamoja na programu za kompyuta. Deni lilikopwa na wakubwa, likalipwa na mtangazaji wa zamu ya usiku.

Nawatajia Minot kwa sababu Aprili 2024 Mto Athi ulivunja kingo zake na majirani zetu wa Athi River wakazingirwa na maji majumbani mwao. Stima ilikuwa ikipotea, simu zikiishiwa chaji. Katika hali hiyo mtu hutafuta redio ndogo ya betri, na anachotaka kutoka kwake ni mtu anayejua daraja lipi halipitiki. Mtambo unaopanga nyimbo hauwezi kumjibu.

Hapa kwetu pana bewa la Chuo Kikuu cha Daystar, chenye redio yake, Shine FM, ambako vijana hujifunzia kazi. Nikiwa nao kwenye matatu nawasikia wakijizoeza kusoma habari kwa sauti ya chini, wakirekebishana matamshi. Hunifurahisha, na hunitia huzuni. Mzazi ameuza mbuzi ili mtoto huyu aje kusimama pale mlipomwondoa yule dada.

Kwa hiyo, mkurugenzi, nakuomba mambo machache tu, na yote yamo katika uwezo wako. Kabla hujagusa mshahara wa fundi, gusa wako na wa wajumbe wa bodi yako, na uwaonyeshe wafanyakazi karatasi. Uamuzi uliokuwa wako ukishindwa, useme ulikuwa wako. Ikilazimu watu waondoke, shuka ghorofa wewe mwenyewe, uwaite kwa majina, uwaeleze ana kwa ana, uwalipe haki yao yote siku hiyo hiyo. Halafu mpe kila mtangazaji anayeondoka dakika tano za mwisho kwenye maikrofoni yake, awaage wasikilizaji aliowatumikia, awashukuru, awajulishe anamwachia nani kiti. Najua mawakili wenu watakukataza, wakihofia atasema neno baya. Katika miaka yangu yote ya chumba cha mitambo sikuwahi kumsikia mtangazaji aliyepewa nafasi ya kuaga akaitumia kumtukana mtu. Waacheni waage.