Dakika Kumi za Wino Mwekundu

Saa tisa alasiri, Shinjuku, Tokyo. Ndani ya ukumbi wa Suehirotei, kwenye mikeka ya tatami iliyotandikwa ubavuni mwa viti, bibi mmoja anafungua kiboksi chake cha wali na samaki. Mzee wa safu ya nyuma amesinzia, kidevu kimeangukia kifuani. Msimulizi wa hadithi amemaliza zamu yake, mto wake wa kukalia umeondolewa, na karatasi yenye jina lake imefunuliwa ili litokee jina jingine. Nyuma ya pazia ala ya nyuzi, shamisen, inalia. Mtu wa mazingaombwe anaingia na kijimeza chake, anainama, anatabasamu. Ana dakika kumi, labda kumi na tano. Katika wote waliomo humu, huenda hakuna hata mmoja aliyekata tiketi kwa ajili yake.

Nimeanzia hapa makusudi. Hotuba nyingi za hamasa hukupeleka moja kwa moja kwenye uwanja uliofurika, taa zinamulika na jina lako linaimbwa. Mimi sitakuahidi uwanja. Nataka uitazame nafasi hii finyu, ya mchana, mbele ya watu wanaotafuna, uone jinsi mtu anavyoweza kujenga maisha mazima ya ufundi ndani yake. Kisha uitazame yako.

Kumbi za namna hii huitwa yose. Tokyo zipo nne zinazofungua karibu mwaka mzima: Suzumoto kule Ueno, Suehirotei, Asakusa na Ikebukuro. Mwenye enzi humo ni msimulizi wa rakugo, anayepiga magoti juu ya mto na kuigiza mtaa mzima kwa upepeo na kitambaa cha mkono. Wengine wote, yaani wachekeshaji wa wawili wawili, wazungusha mpira juu ya mwavuli, wakata picha kwa mkasi na watu wa mazingaombwe, huitwa iromono, “vitu vya rangi”. Kisa ni kwamba kwenye mbao za mlangoni majina ya wasimulizi yaliandikwa kwa wino mweusi na ya hawa kwa wino mwekundu. Kwetu wino mwekundu ni wa mwalimu anayekujulisha kwamba umefeli. Kule ni wa mtu aliyekuja kukupumzisha kidogo kati ya hadithi na hadithi.

Ratiba hubadilika kila siku kumi: tarehe 1 hadi 10, 11 hadi 20, 21 hadi 30. Ukipangwa, unapanda siku kumi mfululizo, mvua au jua, watu wamejaa au wamekaa saba. Hakuna shule ya ufundi inayoshinda hiyo. Kosa la Jumatatu unalirekebisha Jumanne, na Jumatano unagundua kwamba marekebisho yenyewe yalikuwa kosa.

Ipo nafasi moja inayonishangaza kuliko zote, ile ya kabla tu ya msimulizi wa mwisho, mkubwa wa siku. Wanaiita hizagawari. Anayepewa zamu hiyo sharti awaamshe watu waliokwisha kukaa saa kadhaa, asiwachoshe tena, na asimfunike anayekuja. Yaani ang'ae, lakini kwa kipimo. Jaribu kuipima kazi hiyo kichwani. Mtu yeyote mwenye kipaji anaweza kujitahidi kuwa mkubwa; huyu anajua kuwa na ukubwa unaotosha. Ndiyo maana nafasi hiyo inataka mtu aliyekomaa.

Sasa wewe. Wewe uliyepewa kipindi cha redio cha saa kumi alfajiri, wakati wasikilizaji wako ni walinzi na madereva wa malori. Wewe uliyepangiwa somo la mwisho Ijumaa mchana. Wewe MC ambaye bado hujapata harusi, unaitwa kwenye vipaimara na vikao vya vikoba. Umekuwa ukiihesabu nafasi hiyo kuwa chumba cha kusubiria. Nani kakuambia kazi inaanza baada ya hapo?

Acha nikuonyeshe kitu kwa karibu. Mtu amevaa kimono, mbele yake ipo karatasi nyeupe laini. Anachana kipande kisichozidi kidole, anakisokota mara moja katikati, kinaota mbawa mbili. Anakirusha juu, anafungua upepeo, anaanza kupepea taratibu. Karatasi inapanda. Inayumba, inashuka, inatua ukingoni mwa upepeo na kupumua. Inaruka tena kuelekea ua, kisha kwenye maji, kana kwamba ina kiu. Anachana kipande cha pili. Sasa ni vipepeo wawili, wanafukuzana, wanakwepana, wanatua pamoja. Mwishowe anawafumba kiganjani, na kiganja kinapofunguka inatoka mvua ya vipande vyeupe visivyo na idadi, vinapeperuka hadi jukwaa linakuwa jeupe. Siri yake nina fununu nayo na sitaisema. Kuna watu wanakula humo.

Kiswahili kilikwisha kuuona mchezo huu kabla yetu: mdudu ni kipepeo, na cha kupepea jiko la mkaa nacho wapo wanaokiita kipepeo. Sisi tulikuwa na neno tayari. Wao walikuwa na mkono. Katika karne ya 19, mtu wa Edo (Tokyo ya zamani) aitwaye Yanagawa Icchosai aliuchukua mchezo wa karatasi na upepeo akaunoa mpaka ukawa ndio yeye. Tafakari vifaa vyake: karatasi na upepo. Hakuna aliyekuwa na kidogo kuliko hicho.

Ufundi huu wa jadi unaitwa tezuma. Te ni mkono, na zuma, kwa maelezo yanayokubalika sana, imetoka katika neno la umeme wa radi. Sisi tunasema kiinimacho. Mjapani aliupa jina mkono wa anayefanya, Mswahili akalipa jina jicho la anayefanyiwa. Ukiviweka pamoja umeipata kazi nzima. Mwaka 1997 serikali ya Japani iliuingiza ufundi huu katika orodha ya sanaa za jadi zinazostahili kuwekewa kumbukumbu rasmi. Lakini watawala wa Japani walikuwa wamekwisha kukutana na watu wa tezuma zamani, tena kwa njia ya kuchekesha.

Kwa zaidi ya miaka 200 Mjapani hakuruhusiwa kutoka nchini mwake. Katazo lilipoondolewa mwaka 1866, ungedhani pasipoti ya kwanza ilikwenda kwa balozi, au mtaalamu wa meli, au tajiri wa hariri. Ilikwenda kwa Sumidagawa Namigoro, mtu wa mazingaombwe. Alikuwa katika kundi la wasanii lililochukuliwa na Mmarekani Richard Risley kwenda kuonyesha Marekani, kisha Paris kwenye maonyesho ya 1867. Pasipoti haikuwa na picha, kwa hiyo karani alilazimika kumwandika kwa maneno: macho madogo, pua iliyoinuka, mdomo wa kawaida, uso mwembamba mrefu. Nampenda sana karani huyo. Nampenda zaidi Namigoro, ambaye hakuwa amejiandaa kwa ajili ya pasipoti, maana hakukuwa na pasipoti. Alijiandaa kwa ajili ya watu wa mtaani kwake. Mlango ulipofunguka, mikono ilikuwa tayari.

Nikiwa darasa la nne alikuja shuleni kwetu mtu wa mazingaombwe. Kiingilio kilikuwa sarafu moja. Alivuta utepe mdomoni usioisha, akachoma gazeti likawa noti. Nasi watoto, mashetani wadogo, tukamuuliza kwa sauti: kama unatengeneza hela, mbona viatu vyako vimeachia soli? Tulicheka hadi tukalia. Alicheka nasi, akaendelea. Nimechukua miaka mingi kuelewa nilichokiona siku ile. Mtu yule alisimama chini ya mwembe, adhuhuri, bila pazia wala taa, watoto mia kadhaa wamemzunguka pande zote, wengine wamepanda mtini wanamwangalia utosini. Hakuna mwenye jukwaa la Tokyo au Las Vegas anayekubali kufanya kazi katika hali hiyo. Na utepe hatukujua ulikotoka.

Huko Japani mwembe wao umekuwa kaunta ya duka. Kampuni ya Tenyo, iliyoanza mwaka 1931, ilijijenga kwa kuuza vifaa vya mazingaombwe katika maduka makubwa ya ghorofa. Nyuma ya kaunta husimama muuzaji ambaye kazi yake ni kuonyesha, tena na tena, kutwa nzima, kwa mama mwenye haraka na mtoto anayevutwa mkono. Umewahi kumwona kijana wa Kariakoo anayeuza kikwaruzio cha karoti, anayemaliza nusu gunia la karoti kabla ya kuuza kikwaruzio cha kwanza? Ni kazi ile ile. Anayepita hana adabu ya mtazamaji aliyelipa kiingilio. Asipovutiwa kwa sekunde tano, anakwenda zake. Mtu akiyashika macho ya wapita njia, hawezi kuliogopa jukwaa.

Mtu wa mazingaombwe Shimada, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1940, alipitia kwa Tenyo. Ujana wake ulikuwa wa kumfuata Channing Pollock, Mmarekani wa njiwa na suti nyeusi aliyeonekana kwenye filamu ya Europa di notte ya 1959. Vijana wengi duniani walimwiga Pollock, na wengi wao hatuwajui. Shimada alitoka nchini, akafanya kazi Australia na baadaye Marekani, na mahali fulani katika safari hiyo akaufungua mchezo mwingine: akavaa kimono, na pale watu walipotazamia njiwa akatoa miavuli ya karatasi, mwavuli juu ya mwavuli, hadi mikono haikutosha. Alipofariki mwaka 2022 akiwa na miaka 81, miavuli ile ndiyo iliyotajwa. Njiwa alijifunza kwa mtu. Mwavuli alikwenda nao kutoka nyumbani bila kujua kwamba anao.

Kabla yake alikuwepo Ishida Tenkai, aliyekwenda Marekani mwaka 1924 na kundi la Bi Tenkatsu, bibi mkubwa wa mazingaombwe ya Japani, kundi likarudi yeye akabaki hadi 1958. Hakuacha jengo wala sanamu. Aliacha namna ya kuficha karata mkononi, ambayo mpaka leo wachezaji wa dunia nzima huiita kwa jina lake. Kila anayejifunza ufundi huo anamshika Tenkai kiganjani.

Ila nikiambiwa nichague mmoja wa kukuamsha usingizini, nitamchagua Maggy Shiro.

Alizaliwa mwaka 1946 mkoa wa Ibaraki, kaskazini-mashariki ya Tokyo, ambako lafudhi yake watu wa mjini huicheka kama tunavyocheka sisi lafudhi za wengine. Alikwenda Tokyo kijana, akajifunza mazingaombwe, na kwa miaka mingi akafanya kazi katika kumbi za wacheza utupu, akijaza nafasi kati ya mchezaji mmoja na mwingine. Hebu jiweke hapo. Wanaume waliokaa mbele yako wamelipa, na hawakulipia karata. Kila dakika yako ni dakika unayowacheleweshea walichokifuata. Na kwa maneno yake mwenyewe, mikono yake haikuwa hodari hivyo.

Akaanza kusema. Kwa lafudhi ile ile ya kwao aliyopaswa kuificha, akawa anawaambia watu ukweli: samahani, hili silijui vizuri, mnisamehe, naomba tuvumiliane. Wakacheka. Jogoo wa shamba alikuwa amewika mjini, tena kwa sauti ya shamba.

Mchezo wake maarufu ni huu. Anatoa kitambaa cha mkono chenye mistari iliyosimama. Anakionyesha vizuri, kulia, kushoto, kwa uzito wa mtu anayekaribia kufanya muujiza. Anatangaza kwamba mistari hii iliyosimama italala. Anakifinyanga kitambaa ndani ya ngumi, anapuliza, anakifungua. Mistari imelala. Amekigeuza tu upande. Kila mtu anaona kwamba amekigeuza tu upande. Na kila mtu anacheka, kwa sababu uso wake unasubiri makofi kama uso wa mtoto aliyefunga kamba za viatu kwa mara ya kwanza. Halafu, ukishalegea kwa kicheko, anafanya kitu kingine kidogo ambacho huwezi kukieleza kabisa, na unabaki na mdomo wazi. Televisheni ilimchukua na wanafunzi wakamfuata wakabeba jina la Maggy.

Usinielewe vibaya: hakusifiwa kwa kutojua. Kukosea kwa kipimo sahihi, mara elfu, pale pale kicheko kinapotakiwa, ni ufundi mgumu kuliko kupatia. Nawajua watangazaji wanaojilazimisha lafudhi isiyo yao kwa miaka kumi na wasikilizaji wamewachoka kwa miaka tisa. Rudi kwenye sauti yako. Fungua kabati, utoe kile unachokionea haya, ukiweke mezani leo usiku na ukifanyie mazoezi kana kwamba ndicho ulichonacho peke yake. Huenda ndivyo.

Wajapani wana Siku ya Mazingaombwe, tarehe 3 Desemba. Sababu yake ni hesabu: mwezi wa 12, siku ya 3, moja, mbili, tatu! Usingoje Desemba.

Turudi Suehirotei. Dakika zimekwisha. Bibi wa tatami amesahau kipande cha samaki hewani, kati ya kiboksi na mdomo, sasa amekikumbuka. Mtu wa mazingaombwe ameinama, amechukua kijimeza, ametoka. Ndani, kwenye chumba cha wasanii, mkongwe wa rakugo anayevaa mkanda wake anamwambia “otsukaresama”, ambayo kwetu ni “pole na kazi” kamili. Anaitikia, anakaa chini, anakunja kitambaa chake pande nne, anakinyoosha kwa kiganja, anakikunja tena. Kona moja ilichelewa leo kutokea. Mzee wa safu ya nyuma bado amelala. Ni tarehe 6. Zimebaki siku nne.