Wajibu kwa Kiumbe Asiyelia

Mbuzi aliyesahauliwa juani hupiga kelele mpaka jirani akaja kumfungua. Mbwa mwenye njaa humfuata bwana wake na kumtazama usoni. Hata kuku, ambaye watu humhesabu kuwa mjinga, hujulisha taabu yake. Kobe hafanyi hivyo. Aonapo baridi hunyamaza, augupo hunyamaza, na akianza kufa hunyamaza vile vile, hata mwenye nyumba hudhani amelala. Basi mnyama huyu, ambaye katika hadithi za wazee huwashinda wenye nguvu kwa akili yake, huleta mbele ya mfugaji swali gumu kuliko lile la mbwa na mbuzi. Mtu ana wajibu gani kwa kiumbe aliye mikononi mwake, lakini asiyeweza kumwomba lolote?

Swali hili si la mchezo. Katika nchi za Ulaya watu wengi hununua kobe mdogo, mara nyingi kwa ajili ya mtoto wa nyumba. Mmoja wa wanaopendwa sana ni kobe wa Hermann, ambaye asili yake ni nchi za kusini zilizo karibu na Bahari ya Kati, toka Hispania mpaka Ugiriki. Akitoka yaini ana uzito wa gramu 10 au 15 tu, na kiganja cha mtoto kinamtosha. Anayemchukua hujiambia kwamba amepata mnyama mwepesi: habweki, hatoroki mbali, hali sana. Kumbe amejitwika mzigo wa miaka 50, na pengine zaidi.

Wenye hekima wa zamani walisema mengi juu ya wanyama. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mtu aliyezoea kuwatenda wanyama kwa ukatili huelekea kuwa mkatili kwa watu pia. Neno hili ni la kweli, lakini halimgusi mfugaji wa kobe, kwani yeye si mkatili hata kidogo. Anampenda kobe wake, anambeba, anampa jina. Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham alitoa kitabu ambamo alitaka watu waulize kama mnyama anaweza kuona maumivu, wala si kama ana akili au maneno. Swali hilo lafika karibu zaidi. Lakini nani atalijibu kwa macho, ikiwa mwenye maumivu haonyeshi kitu? Huruma ya kawaida hungoja kilio, na hapa kilio hakiji kamwe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa makobe wa biashara ya zamani. Kwa miaka mingi walitolewa katika nchi za Bahari ya Kati kwa maelfu na kuuzwa Uingereza na kwingineko, mpaka mwaka 1984 Jumuiya ya Ulaya ilipokataza kuwaingiza makobe hao waliokamatwa porini. Wengi hawakumaliza mwaka wa kwanza. Walionunua hawakuwa watu wabaya. Waliwapa mkate uliolowekwa katika maziwa, chakula ambacho tumbo la kobe halikuumbiwa. Wengine walitoboa ukingo wa gamba ili wapitishe kamba, mnyama asipotee bustanini. Walifikiri gamba ni nyumba anayoibeba, kama vile mtu abebavyo kikapu. Lakini gamba si nyumba. Mbavu na uti wa mgongo vimeungana nalo. Ni mfupa ulio hai, wenye damu na wenye kusikia maumivu. Kobe alitobolewa mwilini mwake, akanyamaza, na watoto wakacheka.

Je, watu hao walikosa? Hapa yafaa kupambanua. Kuna kutojua ambako mtu hawezi kukushinda, na huko hakumhukumu. Kuna pia kutojua kwa yule ambaye angeweza kuuliza, naye hakuuliza kwa sababu mnyama alionekana mzima. Mfugaji wa leo yuko katika hali hii ya pili. Mambo ambayo babu yake hakuyajua sasa yanajulikana, na mengi ni mepesi kwa atakaye.

Chukua jambo la taa. Kobe mchanga anayekaa ndani ya nyumba huhitaji mahali pa kuota joto, karibu digrii 32 hadi 35, na upande mwingine ulio baridi kidogo ili aweze kuchagua. Lakini joto peke yake halitoshi. Jua lina miali isiyoonekana kwa macho, ambayo wataalamu huiita urujuanimno. Kwa miali hiyo mwili wa kobe hujitengenezea vitamini D, na bila vitamini hiyo madini ya chokaa hayaingii mifupani hata akilishwa tele. Kioo cha dirisha huzuia karibu yote ya miali hii ifaayo, hivyo kobe aliyewekwa dirishani huona mwanga akakosa faida yake. Ziko taa maalumu zinazotoa miali hiyo, nazo hudhoofika kabla ya kuzimika. Baada ya miezi sita au mwaka, kwa kadiri ya aina yake, taa huweza kuendelea kung'aa kama siku ya kwanza, huku kile kilichokuwa dawa kimekwisha. Mfugaji hutazama, huona nuru, huridhika. Gamba la kobe nalo linalainika polepole.

Gamba hilo huandika yote. Kobe mdogo akikaa katika hewa kavu mno, kila kipande cha gamba huinuka kama kilima kidogo, na vilima hivyo havishuki tena maisha yake yote. Zamani wengi walidhani sababu ni chakula peke yake. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Vienna walitangaza uchunguzi wao juu ya makobe wachanga wa Afrika, wale wakubwa wa kando ya Sahara, nao wakaona kwamba ukavu wa hewa ulifanya zaidi kuliko wingi wa protini. Kwa hiyo mfugaji hulowesha udongo, huuacha uwe na kina ili mtoto ajifukie, na mara kadhaa kwa juma humweka ndani ya maji ya vuguvugu yasiyopita kidevu chake, kwa dakika 10 au 15, apate kunywa. Kazi ndogo. Lakini asiyeifanya katika miaka ya kwanza ataliona kosa lake juu ya mgongo wa kobe hata atakapokuwa mzee.

Juu ya chakula, huruma hukosea tena. Mtoto wa nyumba hupenda kumpa kobe nyanya na ndizi, kwa kuwa humwona akizila kwa haraka. Kobe wa Hermann huishi kwa magugu: jamaa za mchunga na majani mengine yenye nyuzinyuzi, pamoja na unga wa chokaa au mfupa wa ngisi. Shibe nyingi humkuza upesi kupita kiasi, na kukua upesi si afya. Wala haifai kusema kwamba kobe ni kobe. Yule wa misitu ya Kongo, mwenye bawaba upande wa nyuma wa gamba la juu, hula uyoga na wadudu pia. Kanuni inayomponya mmoja itamdhuru mwenzake, na mtu asiyejua ni aina gani aliyo nayo hajaanza bado kumfuga.

Kwa kuwa kobe halii, lazima kitafutwe kitu kitakachosema badala yake. Kitu hicho ni mizani ya jikoni. Akipimwa kila juma, na gramu zake zikiandikwa katika daftari, ugonjwa huonekana mapema. Macho yaliyovimba, mapovu puani, kupumua kwa kinywa wazi, kukataa kula: mambo hayo humtaka mganga wa wanyama siku ile ile. Hasa kabla ya usingizi wa majira ya baridi, wakati kobe hulazwa kwa miezi katika joto la digrii 5 hivi, kwani aliye mgonjwa akilazwa anaweza asiamke. Mikono nayo ioshwe kila aguswapo, na watoto wadogo wasimbusu, maana hubeba vijidudu vya salmonela bila yeye mwenyewe kuugua.

Hapo mtu wa Kivu au wa Katanga ataweza kuuliza kwa haki: taa, mizani, mganga, yote kwa ajili ya kobe, na huku jirani hana dawa ya mtoto wake? Neno hili ni zito, wala lisijibiwe kwa wepesi. Lakini litazamwe linapoangukia. Hakuna aliyelazimishwa kumfuga kobe. Anayeona kwamba fedha yake inadaiwa na maskini, asimnunue. Amwache yule wa porini katika pori lake, anakojitafutia jua na majani bila kumgharimu mtu. Swali la gharama lina nguvu kamili kabla ya kumchukua. Baada ya kumchukua halina nguvu ile, kwa sababu mnyama amenyimwa jua, udongo na uhuru wa kuchagua, na aliyemnyima amekuwa mdeni wake. Deni hulipwa, haliitwi sadaka.

Tena deni lenyewe hupita maisha ya mdeni. Huko Uingereza palikuwa na bibi mmoja, Rebecca Snooke, aliyemfuga kobe kwa karibu miaka 40. Alipofariki mwaka 1780, mpwa wake Gilbert White, mtu wa kanisa na mchunguzi mashuhuri wa viumbe, alimfukua kobe huyo kutoka katika usingizi wake wa baridi na kumchukua kwa gari la farasi mwendo wa maili 80 mpaka kijiji cha Selborne. Alimpima uzito, aliandika siku alizojifukia na siku alizotoka, akamwita Timothy. White alikufa mwaka 1793, na kobe alimfuata mwaka uliofuata. Gamba lake limehifadhiwa London. Wataalamu walipolichunguza baadaye, waligundua kwamba Timothy alikuwa jike.