Je, Onyo Lisilotimia Ni Uongo?



Mtu akituambia kwamba nyumba yetu huenda ikaungua, na miaka ikapita haijaungua, je, tumwite mwongo? Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huonekana kwa macho. Taabu huanza pale onyo linapohusu jambo lisiloonekana, huku kila kitu mbele yetu kinakwenda vizuri. Sisi tunaotafuta riziki kwa kazi ya kompyuta hukutana na onyo la namna hiyo mara kwa mara, na leo tunapenda kulieleza, kwa kuwa lina funzo hata kwa asiyejua kompyuta.

Tuanze na ndugu wawili waliorithi nyumba. Mkubwa yuko Maskati, na hati ya nyumba anayo yeye. Mdogo yuko London, na bila saini yake nyumba haiuziki wala haitengenezeki. Mkubwa anasema: sitoi hati mpaka nipate saini. Mdogo anasema: sitii saini mpaka hati nimeishika mkononi. Kila mmoja ana sababu yake, na ukimsikiliza peke yake utampa haki. Miaka inapita, paa linavuja. Hapana mwizi wala mwovu hapo, ila hapana kinachosogea. Huo ndio mkwamo.

Kompyuta nayo ina mikwamo ya aina hiyo. Linux, mfumo alioanza kuutengeneza Linus Torvalds mwaka 1991, una kiini kiitwacho keneli, ambacho kazi yake ni kuzigawia programu kumbukumbu, diski na mtandao. Kwa kuwa programu nyingi hufanya kazi kwa wakati mmoja, keneli hutumia makufuli: anayetaka kugusa kitu hushika kwanza kufuli lake. Mwaka 1971 Coffman na wenzake wawili waliandika masharti manne ya mkwamo: kitu kisishikwe na wawili kwa pamoja, mtu ashike kimoja huku akingoja kingine, asiweze kunyang'anywa alichoshika, na kungojeana kuwe kwa mzunguko. Sharti moja tu likivunjika, mkwamo hauwezi kutokea.

Sasa tuchukue mfano wa NFS, mfumo uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 1984, unaomwezesha mtu kutumia mafaili yaliyo katika kompyuta nyingine kupitia mtandao kana kwamba yako kwake. Programu moja inaomba faili liunganishwe na kumbukumbu yake. Keneli inashika kufuli la kumbukumbu. Kisha NFS, ikitaka kuhakiki kama nakala iliyopo bado inalingana na ya seva, katika matoleo ya zamani ya Linux ilikuwa ikiomba kufuli la faili. Programu nyingine inasoma orodha ya majina yaliyomo katika folda. Hapa kufuli la folda ndilo linaloshikwa kwanza. Kisha, majina yanapoandikwa katika kumbukumbu ya programu na mahali pa kuandikia hapajawa tayari, linaombwa kufuli la kumbukumbu. Mmoja ameanza na hati, mwingine ameanza na saini. Wanaogombea makufuli yale yale wakikutana hivyo katika nukta ile ile, wote wawili husimama, na hata ukiamuru wauawe hawafi. Tena seva ikichelewa kujibu, kufuli hushikwa muda mrefu zaidi, na nafasi ya kukutana huongezeka.

Mwaka 2006 Ingo Molnar aliingiza katika Linux chombo kiitwacho Lockdep. Chombo hiki hakingoji mkwamo utokee. Kinaandika tu utaratibu: nani ameshika nini kabla ya nini. Siku kitakapoona kwamba njia moja hushika la kwanza kisha la pili, na nyingine la pili kisha la kwanza, kitapiga kelele, hata kama njia hizo zilipita kwa saa tofauti na hazikuonana. Nacho husema kwa adabu: huenda pana mzunguko.

Kazini kwetu kijana mmoja aliuliza swali la haki. Mashine hizi zimekwenda mwaka mzima bila kukwama. Kwa nini tusumbuke na chombo kinachotabiri? Jibu letu ni kwamba Lockdep haitabiri. Inasema juu ya jambo lililopo leo: humu ndani mna taratibu mbili zinazopingana. Maneno hayo ni kweli, mkwamo utokee usitokee. Mwaka mzima wa salama hauthibitishi kwamba utaratibu ni mzuri; unathibitisha kwamba wawili hao hawajakutana. Kumwita mwonyaji mwongo kwa sababu tumebahatika ni kumdhulumu kwa bahati yetu wenyewe.

Lakini tuwe waadilifu kwa upande wa pili pia. Yako maonyo ya bure. Folda haiunganishwi na kumbukumbu kama faili. Kwa hiyo kufuli la folda na kufuli la faili likihesabiwa kuwa aina moja, chombo kitaona mzunguko ambao hauwezi kutimia. Tufanye nini? Njia nyepesi ni kukizima chombo. Njia ya haki ni kukieleza: haya ni makufuli ya aina mbili, na sababu ni hii, imeandikwa ili anayekuja baadaye aipime. Mzigo wa kuthibitisha uko juu ya anayesema hapana hatari. Hapo ndipo tunapojaribiwa, kwa maana kalamu ile ile inayoondoa onyo la bure inaweza kufunika onyo la kweli, na mashine haiwezi kuitambua nia yetu.

Jambo la pili ni lawama. Kukitokea onyo, kila mwandishi wa programu husema njia yake ni sahihi, na husema kweli. Kosa haliko ndani ya njia yoyote, liko katikati yao, mahali pasipo na mwenyewe. Ndiyo maana hubaki muda mrefu bila kutengenezwa. Hapo wajibu haumfuati mwenye hatia, kwa kuwa hayupo. Unamfuata anayeweza kuachilia kwa hasara ndogo. Katika mfano wetu, njia mojawapo ilikuwa NFS kuhakiki nakala bila kulichukua kabisa lile kufuli la pili. Na katika ule mfano wa urithi, tusiulize nani mkosaji. Tuulize nani anaweza kutangulia kutoa, na ni nani wanayemwamini wote wawili ashike hati na saini kwa pamoja.

Mwisho, Lockdep ina tabia moja ambayo wengi hawaiangalii. Ikishatoa onyo la namna hii mara moja, hujizima mpaka mashine iwashwe upya. Asiyejua huona kimya, akadhani mambo yametengemaa. Hata nyumbani ndivyo ilivyo. Mzee hupiga simu mara moja akasema, wanangu, jambo la nyumba hii liwekeni sawa mngali hai. Asiposikilizwa, harudii. Na sisi tulio mbali hukihesabu kimya chake kuwa ni amani.