Maji ya Marere

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo falsafa yangu ni ya Mwembe Tayari, mkokoteni wa maji unapopita alfajiri na mamangu anahesabu mitungi. Mwezi jana nikapewa kazi: nilale usiku mmoja kwenye loji ya kifahari msituni Shimba Hills, kisha niandike tangazo. Nikavuka Likoni, nikapanda Kwale. Jioni ndovu walikuja kunywa maji chini ya baraza. Mimi nilikula mpaka nikaona haya.

Halafu nikaoga. Nusu saa nzima, maji moto, bomba wazi. Na msitu huohuo ndio wenye chemchemi za Marere, zinazoleta maji Mombasa.

Rafiki yangu akaniuliza, "Kwani ungefunga bomba, mamako angepata?" Asingepata. Lakini jibu hilo linanifaa mno, ndiyo maana siliamini. Kinachoniuma si maji yaliyomwagika. Ni kwamba nusu saa ile sikumkumbuka mama hata mara moja.

Kwenye tangazo nimeandika kwamba maji hayakatiki. Ni kweli, na wamelipa. Nikanunua mitungi 10. Mama akauliza pesa nimetoa wapi. Nikamwambia, kazini.